Simu za Kioo Kikubwa: Je, Nazo ni Bugaluu?

  Leo nina swali ambalo si langu. Ni la mama.

Mama anauza leso katika mtaa wa Biashara, Mombasa. Simu yake, yenye kioo cha inchi 4, ilikata roho miezi michache iliyopita baada ya betri kufura kama andazi. Akaniazimia simu ya jirani kunipigia: "Mwanangu, nitafutie nyingine huko Nairobi. Lakini iwe ndogo kama ile. Hizi sinia zenu sizitaki." Jumamosi nikashuka Luthuli Avenue, nikaingia duka hili na lile. Kila muuzaji niliyemwambia nataka simu ya Android isiyozidi inchi 5 alinitazama kama mtu anayeulizia sindano za gramafoni. Zilikuwepo mbili tatu za bei ya chini kabisa, lakini kumbukumbu yake ni ndogo mno, ukifungua WhatsApp tu inakwama. Zilizobaki zote zilipita inchi 6.

Nilipompigia kumweleza, mama alicheka. "Basi nitangoja. Mimi niliziona bugaluu zikija, nikaziona zikienda. Hata hizo sinia zitapita."

Kwa wadogo zangu ambao hawakuziona hata kwenye picha: bugaluu ni suruali pana chini, zilizovuma miaka ya 70. Kila kijana alikuwa nayo, kisha siku moja hakuna aliyetaka kuonekana nayo. Je, kioo kikubwa cha simu ni kitu cha namna hiyo? Mama angoje, au asingoje? Ni mwanawe niliyesomea sayansi ya tarakilishi kwa miaka minne, kwa hiyo niliona aibu kumjibu kwa kubahatisha.

Tuanze nyuma kidogo. Watu wengi husahau kwamba kuna wakati mtindo ulikuwa kinyume kabisa, na sifa ya simu ilikuwa udogo wake. Motorola DynaTAC ya mwaka 1983, ile inayofanana na tofali, haikuwa hata na kioo tunachoweza kukiita kioo, ilikuwa na mstari wa tarakimu nyekundu tu. Kuanzia hapo kazi yote ya wahandisi ilikuwa kupunguza. Mwaka 1996 kampuni hiyo hiyo ikatoa StarTAC ya kukunja, gramu 88, na watu waliing'ang'ania kwa sababu ilitoweka ndani ya mfuko wa shati. Mwaka 2000 ikaja Nokia 3310, ambayo kioo chake kilikuwa na pikseli 84 kwa 48. Zidisha: nukta 4,032. Sasa sikiliza hili, maana mimi mwenyewe liliniacha mdomo wazi nilipopiga hesabu. Kila ninapotengeneza programu ya Android lazima nichore ikoni yake ya kubonyeza, na kwa simu ya kawaida ya leo ikoni hiyo ni pikseli 96 kwa 96, yaani nukta 9,216. Ikoni moja tu inazishinda nukta za kioo kizima cha 3310 mara mbili na zaidi!

Lakini tusikidharau kioo kile. Simu ya wakati huo ilikuwa chombo cha sikio. Macho yalihitajika kusoma namba na ujumbe wa herufi 160, basi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, mulika mwizi, ilikuwa na pikseli 96 kwa 65 na iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Na M-Pesa ilipozinduliwa hapa kwetu Machi 2007, ilitengenezwa ikae ndani ya menyu ya laini ya simu ili ifanye kazi katika simu yoyote ile. Kwa hiyo mapinduzi makubwa kuliko yote ya pesa katika nchi hii yalitokea kwenye vioo visivyozidi ukubwa wa kiberiti. Mama alipokea malipo yake ya kwanza ya leso kwa mulika mwizi, na mpaka leo husema hajawahi kuwa na simu nzuri kama ile.

Wapo waliojaribu vioo vikubwa mapema. IBM walikuwa na Simon mwaka 1994, simu ya kugusa kwa kalamu au kidole. Nokia wakatoa Communicator 9000 mwaka 1996, ukiifungua unakuta kioo kirefu na kibodi kama ya tarakilishi ndogo. HTC mwaka 2007 walitoa Advantage yenye kioo cha inchi 5 kamili. Zote hizo zilikuwa za wakubwa wa ofisi, na mtu wa kawaida hakuzitamani. Mwaka huo huo wa 2007 Apple walitoa iPhone ya kwanza, inchi 3.5, na uzito wa jambo lile haukuwa katika ukubwa bali katika kuvifuta vitufe vyote vya namba. Uso wote wa simu ukawa kioo. Tangu siku hiyo, kuongeza kioo na kuongeza simu likawa jambo moja, na ugomvi ukaanzia hapo.

Kwetu ugomvi ulifika kwa njia ya Huawei IDEOS. Safaricom waliianza kuiuza mapema mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, bei ambayo simu ya Android haikuwahi kufikia kabla ya hapo, na ikanunuliwa kama mkate wa moto. Mama alipata moja. Mimi nilikuwa darasa la saba, kwa hiyo kusema kweli ilikuwa yangu kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kioo chake: inchi 2.8. Nilisoma humo mafunzo yangu ya kwanza ya kutengeneza tovuti, nikisogeza ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari kama mtu anayesoma bango kupitia tundu la ufunguo. Mama naye akitaka kuandika A alipata S, akitaka kufuta alituma. Lakini hakuna aliyelalamika. Tulidhani simu ndivyo ilivyo.

Wakati huo huko nje watu walikuwa wakibishana. Dell walitoa Streak ya inchi 5 mwaka 2010, haikuuzika, na kufikia 2011 walikuwa wameiacha. Julai 2010 Steve Jobs alipoulizwa kuhusu simu kubwa alisema hakuna atakayezinunua, kwa kuwa mkono hauzizunguki. Kisha Septemba 2011, katika maonyesho ya Berlin, Samsung wakaonyesha Galaxy Note: inchi 5.3, pamoja na kalamu. Walichekwa sana. Nakumbuka nilivyosoma kwenye mtandao watu wakiifananisha na kipande cha mkate kilichobandikwa sikioni, na mimi nikacheka nao, nikiwa na IDEOS ya mama mkononi! Waandishi wa teknolojia wakaunganisha jina la simu na la tableti wakapata "fableti", jina lililosikika kama la ugonjwa. Kufikia Agosti 2012 Samsung walikuwa wameuza milioni 10. Septemba 2014 Apple wenyewe wakatoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5, na kicheko kikaisha.

Kwa nini ilitokea? Jibu la haraka ni kwamba kazi ya simu ilihama kutoka sikioni hadi machoni. Kwetu ninaweza hata kutaja mwaka. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, intaneti ikaacha kutegemea setilaiti, na bei yake ikaanza kuteremka. Ukishakuwa na intaneti ya kutazama video, unataka mahali pa kuitazamia. Na mtu wa Nairobi au Kisumu hakuwa na tarakilishi nyumbani ya kumpunguzia simu mzigo huo. Simu ndiyo ilikuwa runinga, gazeti, benki na daftari la shule. Mmarekani mwenye tarakilishi mezani na tableti kochini angeweza kuridhika na kioo kidogo mfukoni. Sisi hatukuwa na mahali pengine pa kutazama.

Ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni betri. Ndani ya simu kuna vitu visivyokua: ubao wa saketi, kamera, spika, mahali pa laini. Ukiipanua simu kidogo, vitu hivyo hubaki vilivyo, na karibu nafasi yote mpya huenda kwa betri. Galaxy S II ya mwaka 2011, inchi 4.3, ilikuwa na betri ya mAh 1,650. Note ya mwaka huo huo ilikuwa na mAh 2,500. Utasema kioo kikubwa nacho kinakula zaidi, na ni kweli, eneo lake liliongezeka karibu kwa kiasi kile kile. Lakini kioo hulala ukiweka simu mfukoni. Redio ya mtandao hailali, na redio za kwanza za 4G zilikuwa na ulafi wa kutisha. Kwa hiyo hata mtu asiyejali kioo alijikuta akinunua simu kubwa ili afike jioni na chaji. Katika nchi ambayo stima hupotea inavyotaka, hilo peke yake lilitosha.

Mpaka hapa nilikuwa tayari kumwambia mama kwamba si bugaluu. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo: nikaacha kutazama inchi za kioo, nikatazama upana wa simu yenyewe. Inchi za kioo hupimwa kutoka kona hadi kona, mshazari, na kipimo hicho kinadanganya.

Galaxy Note ya kwanza, ile iliyochekwa, ilikuwa na upana wa milimita 83. Galaxy S25 Ultra ya mwaka 2025, yenye kioo cha inchi 6.9, ina upana wa milimita 77.6. Soma tena. Kioo kimeongezeka zaidi ya inchi moja na nusu, na simu imekuwa NYEMBAMBA ZAIDI mkononi! Au chukua iPhone 6 Plus: inchi 5.5, upana takriban milimita 78. iPhone 12 ya mwaka 2020 ina inchi 6.1, na upana wake ni milimita 71.5.

Ilikuwaje? Kwanza waliondoa kingo nene na kitufe cha chini. Pili, kuanzia mwaka 2017, kwa simu kama LG G6 na Galaxy S8, walibadilisha umbo la kioo. Zamani kilikuwa cha 16 kwa 9, kama runinga. Sasa ni 18 kwa 9, hata 20 kwa 9, kama rula. Kioo kikirefuka bila kupanuka, mshazari wake huongezeka na tangazo la dukani husema "kubwa zaidi". Hapo ndipo nilipoona kwamba Jobs alikosea kuhusu wanunuzi lakini hakukosea kuhusu mkono. Upana wa kiganja uliweka mpaka tangu 2011, na si rahisi kuuvuka. Macho yanapotaka zaidi ya hapo, dawa pekee iliyopatikana ni kukunja, kama Samsung walivyofanya na Galaxy Fold mwaka 2019 na Huawei walivyofanya mwaka 2024 na Mate XT, inayokunjwa mara mbili na kufunguka hadi inchi 10.2. Ukiikunja, inarudi kuwa simu ya kawaida. Mkono tena.

Kidole gumba nacho hakikurefuka. Mwaka 2013 Mmarekani Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu barabarani, kwenye vituo na mikahawani. Kati ya waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 walitumia mkono mmoja. Kwa hiyo kioo kiliporefuka, kona ya juu ikawa ng'ambo ya mto. Apple mwaka 2014 waliweka ujanja wa kugonga kitufe mara mbili ili ukurasa wote ushuke chini. Samsung mwaka 2018 walitangaza One UI, ambamo sehemu ya juu ya kioo ni ya kutazama na ya chini ni ya kugusa. Mwaka 2021 Safari ya iPhone iliteremsha hadi chini kisanduku cha anwani, kitu ambacho kwa kawaida kilikuwa kimekaa juu. Programu zimemshukia mtumiaji kwa sababu yeye hawezi kuzipandia.

Na waliotaka simu ndogo? Walipewa nafasi. Apple walitoa iPhone 12 mini ya inchi 5.4 mwaka 2020, na 13 mini mwaka 2021. Mwaka 2022 mahali pa mini pakachukuliwa na simu ya inchi 6.7. iPhone SE, iliyokuwa na kioo cha inchi 4.7, iliondolewa Februari 2025. Watu waliosema wanataka ndogo walikuwa wengi, ila walioweka pesa mezani ni wachache. Naandika hili bila furaha, maana mama ni mmoja wao, na sababu zake ni za kweli kabisa. Mkono wake wa kushoto hushika leso zilizokunjwa, wa kulia ndio wa simu. Mfuko wa buibui haukushonwa kwa ajili ya rula. Na simu inayochungulia nje ya mkoba ndani ya matatu ni mwaliko.

Nilimnunulia ya inchi 6.6. Nikamtumia kwa basi la usiku, pamoja na barua fupi: "Mama, usingoje."

Hadithi ingeishia hapo, lakini sasa inakuja aibu yangu. Mwaka 2022 nilitengeneza programu ya kuchangia pesa kwa ajili ya chama cha mama na wenzake. Wakati ule nilijiambia, kwa kiburi cha kijana, kwamba vioo vidogo vimekwisha duniani, basi sina haja ya kuhangaika. Nikapanga ukurasa wa mchango utoshee kioo kimoja bila kusogezwa: jina, kiasi, maelezo, na chini kabisa kitufe cha "Thibitisha". Niliujaribu kwenye simu yangu ya inchi 6.7, ukapendeza.

Mama alipoipata simu mpya, kitu cha kwanza alichofanya ni kuongeza herufi mpaka mwisho. Yuko karibu na miaka 60, na miwani yake hukaa nyumbani. Jioni ya siku ya mchango alifungua programu yangu, akajaza kiasi, akatafuta kitufe. Hakipo. Herufi zilikuwa zimevimba, zikasukuma kila kitu chini, na kitufe kikazama nje ya kioo mahali pasipoweza kusogezwa. Alidhani pesa zimekwenda zenyewe. Asubuhi wenzake wakamtoza faini ya shilingi 200 kwa kuchelewa, mbele ya kikao, yeye ambaye ndiye mweka hazina na hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Nilipiga hesabu usiku huo. Sisi wa Android hatupimi kwa inchi, tunatumia kipimo kinachoitwa dp, ambapo inchi moja ni takriban 160. HTC G1, simu ya kwanza ya Android mwaka 2008, ilikuwa na upana wa dp 320. IDEOS ya mama ilikuwa na 320 vile vile. Simu yake mpya ina 360. Baada ya miaka yote hii, ubishi wote na vicheko vyote, upana umeongezeka kwa 40! Sasa weka herufi za asilimia 130, kama alivyofanya. Gawanya 360 kwa 1.3 unapata 277. Yaani kwa upande wa maneno yanayoweza kukaa kwenye mstari mmoja, sinia ile ya inchi 6.6 ikiwa mikononi mwa mama ni ndogo kuliko IDEOS ya inchi 2.8. Hakununua nafasi ya kuona vitu vingi zaidi. Alinunua nafasi ya kuona kile kile bila miwani, na mimi nilikuwa nimeshaijaza nafasi hiyo kwa mapambo.

Nilimpigia nikamweleza, kwa lugha nyepesi zaidi ya hii. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna wengine katika chama walioongeza herufi. Wako saba kati ya kumi na wanne. Wawili walikuwa wameacha kutumia programu kabisa na kurudi kulipa taslimu, na hakuna aliyeniambia kwa sababu walimwonea haya mama.

Toleo jipya lilitoka Jumanne. Ukurasa sasa unasogezwa, na kitufe kimegandishwa chini, juu ya kila kitu, hata ukiweka herufi kubwa kiasi gani. Faini nimemrudishia, ingawa alikataa mara mbili. Bado huishika simu kwa mikono miwili, akiweka leso kwanza juu ya meza, na bado anaiita sinia. Kama nawe umeweka programu ile kwenye simu yako, tafadhali ibadilishe kabla ya mchango wa mwezi huu.